Jina la Kaka Yangu Sokoni

Kaka yangu hakutangaza kifo cha mtu mpaka awe ameshika udongo. Ndiyo ilikuwa kanuni yake, na aliishika kuliko wengine wanavyoishika swala. Ukimletea habari kwamba fulani amefariki huko Salamabila, alikuuliza nani alikuwepo kwenye maziko, nani alitia udongo kaburini kwa mkono wake. Ukijibu "wanasema," alirudi kunywa chai yake. Alimtafuta mwendesha pikipiki anayekwenda upande ule, akamtuma kwa mtu anayemwamini, akangoja. Neno likirudi kwamba mtu huyo alikuwepo na ametia udongo, hapo tu alifungua simu na kuandika.

Aliandika kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa Kasongo na Kabambare. Wengi wao hawako tena Kasongo wala Kabambare. Wako Bujumbura, Lubumbashi, Kinshasa, wengine baridi inakoua. Waliondoka kwa vita au kwa kutafuta maisha, wakaacha mama zao vijijini ambako simu haishiki. Basi walimwuliza kaka yangu. Mama yangu pale Wamaza, yu mzima? Mdogo wangu aliyeingia machimboni, anaonekana? Naye aliuliza, akatuma, akajibu. Kila neno alilianza "Wandugu, amani kwenu," na likiwa la msiba alilimaliza "Nimeshika udongo." Kazi hiyo hakuna aliyemlipa. Alikuwa na kiduka cha chumvi na sabuni karibu na msikiti, na mke wake, Mungu amrehemu naye, alikuwa akisema kwamba sabuni ile ilimwosha kila mtu isipokuwa wao.

Akaunti ilikuwa kwa jina lake mwenyewe, na picha yake akiwa amevaa kofia nyeupe ya Idi. Ndani yake, kwenye ujumbe wa faragha, watu walimwachia mambo ambayo hata imamu hawakumwambia. Nani ni mama wa nani, mtoto gani yuko shimo gani, nani ana mke wa pili ambaye wa kwanza hamjui. Alikuwa kama kabati la mji mzima, na ufunguo aliulalia.

Kuna jambo moja linalomhusu ambalo lazima nilitangulize, maana bila hilo hamtaelewa uchungu wangu. Binti yangu ameolewa Wamaza. Mumewe ni mchimbaji wa dhahabu Salamabila. Kabla hawajaoana, shimo moja liliporomoka, na mji mzima ukasema kijana yule amekufa. Waliapa. Kaka yangu peke yake alikataa kuandika. Walimtukana kwenye jukwaa, wakasema anaficha msiba wa watu, naye akajibu kwamba hajapata mkono ulioshika udongo. Kijana akaonekana, amelala kwenye zahanati, mguu umevunjika. Mama yake, huyu ambaye sasa ni mkwe mwenzangu, alikuja kutoka Wamaza mpaka Kasongo na jogoo mikononi kumshukuru mtu aliyekataa kumzikia mwanawe.

Kwa hiyo kaka alipofariki, mama huyo alikuja kwenye matanga, akakaa na sisi mpaka mwisho, akasema mbele ya wanawake wote kwamba binti yangu akizaa mtoto wa kiume, mtoto atabeba jina la kaka yangu. Kwao jina la mtoto wa kwanza hutolewa na upande wa baba, na upande wa baba ulikuwa ni yeye. Kaka yangu hakuacha mtoto. Binti yangu alikuwa mjamzito tayari, amekuja kwangu kujifungua mimba ya kwanza kama desturi ilivyo. Nililia siku ile kwa furaha katikati ya msiba, sioni haya kusema. Nilijua kwamba jina lile litaitwa tena uwanjani kwangu, litaitwa lije kula, litaitwa liache kucheza matopeni.

Baada ya arobaini wanaume wa ukoo walikaa kugawa vitu vya marehemu. Baba mdogo ndiye mkubwa wetu sasa. Ni mtu wa maneno matamu, na nyama ya msiba haijapata kumpita. Baiskeli ilikwenda kwa huyu, koti kwa yule, na simu akaitia mfukoni mwake yeye. Sisi wanawake tulikuwa nyuma tunapika, kwa sababu mambo ya urithi, kama ajuavyo kila mtu, yanataka tumbo lililoshiba.

Haukupita muda akaja mtu kutoka Salamabila, muuza simu, amevaa vizuri, anasalimia mpaka watoto. Baba mdogo alimwonyesha ile simu. Yule mtu akasema simu mzee abaki nayo. Alitaka konti iliyo ndani, yaani ile akaunti, na neno lake la siri, ambalo simu ilikuwa imelihifadhi. Angelipia. Baba mdogo, ambaye hajawahi kuandika hata salamu kwenye jukwaa lolote, aliona amepata mjinga wa mwaka. Alikuwa anauza hewa na kubaki na simu! Alikwenda akisimulia kwa majirani huku akicheka mpaka anashika mbavu.

Lakini mgeni hakuwa mjinga. Alijua sisi ni watu gani. Aliomba kitu kimoja zaidi, kwamba akalishwe kwenye nafasi ya marehemu. Kwetu mtu akifa, ukoo humweka mtu kwenye nafasi yake. Huyo hukaa kwenye mkeka, huvikwa kitu cha marehemu, na tangu siku hiyo watu humwita kwa jina lile na kumpa heshima ileile. Shehe wetu desturi hiyo haipendi sana, ila pilau yake anaila bila kununa. Siku hizo nafasi ya kaka ilikuwa bado wazi. Basi baba mdogo alimkalisha mgeni, akamvika kofia nyeupe ya kaka yangu, na mgeni akashika simu yake karibu na kinywa cha mzee ili sauti iingie. Mzee akasema, kwa ile sauti yake ya kwenye mikutano, "Huyu tumemuweka kwa fasi ya marehemu. Neno lake ni neno la marehemu."

Nilipopata habari nilikwenda kwake moja kwa moja kutoka sokoni, vitenge vyangu vya kuuza bado viko kichwani.

"Baba mudogo," nikamwuliza, "umeuza nini?"

"Sijauza kitu. Jina likilala bila mutu si vizuri. Nimelipatia mutu."

"Hata hatumujui huyu mutu."

"Tutamujua," akasema, na akarudi kwenye sahani yake.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo kuhusu kilichouzwa. Ukiuza baiskeli, inakwenda na mlio wake. Ukiuza mbuzi, anakwenda na kamba yake. Ukiuza akaunti ya mtu aliyeaminiwa, inakwenda na watu wote waliomo ndani yake, wenye siri zao na majina ya mama zao, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama yuko tayari kuhama. Wanasema huko mijini ni biashara ya kawaida, kuna watu kazi yao ni kununua akaunti zenye jina na umri, kama mtu anunuavyo nyumba yenye mwembe uliokwisha kuzaa. Sawa. Lakini mwembe huo ulipandwa na nani? Na aliyeupanda, je, aliupanda ili mwizi apate kivuli?

Mwanzoni mtu yule alikwenda taratibu. Aliweka ile sauti ya baba mdogo kwenye jukwaa, akasema yeye ni mrithi, na watu wakampokea kwa baraka. Wa Bujumbura walimkaribisha, wa Lubumbashi walimwita kwa jina la kaka yangu. Kila mtu wa kwetu anajua mrithi ni nini, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Akawa anaandika "Wandugu, amani kwenu" vilevile, habari za barabara na za madaraja yaliyokwenda na maji, zote za kweli. Nilianza kujilaumu kwamba nina roho mbaya. Laiti ningekuwa nayo zaidi.

Siku moja mchana binti yangu alikuwa uwanjani anatwanga sombe. Alisimama kupumua, maana tumbo lilikuwa limekwisha kuwa zito, akachukua simu. Nikasikia mtwangio umeanguka. Akaunti ya kaka yangu ilikuwa imetangaza kuporomoka kwa shimo Salamabila na vijana waliokufa humo, kila mmoja kwa jina lake, jina la mama yake na kijiji chake. Mumewe alikuwa mmoja wao. Chini yake ilikuwa namba ya kutuma pesa za rambirambi, na mwisho yale maneno. Nimeshika udongo.

Binti yangu hakulia. Alikaa chini palepale kwenye majani ya muhogo, ameshika tumbo kwa mikono miwili, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ningeweza kumwambia si kweli. Na mimi, dada wa yule mtu, niliyejua kwamba kaka yangu amelala kaburini na jina lake limekaliwa na muuza simu, kwa kitambo niliamini. Hiyo ndiyo nguvu ya maneno yale. Nilipiga namba ya mkwe wangu, haikuita. Nikaenda kwenye kituo cha pikipiki nikamtuma dereva mmoja aliyekuwa rafiki wa kaka, na nikamwambia vile ambavyo kaka angemwambia, usiniletee "wanasema," niletee mkono ulioshika.

Kesho yake alasiri simu ililia. Alikuwa mkwe wangu mwenyewe, anapiga kutoka kilimani palipo na rezo, yaani mtandao wa simu, anashangaa. "Mama, niko muzima. Niko nakula," akasema. Hakuna shimo lililoporomoka. Hakuna aliyekufa. Majina yote, na ya mama zao, yule mtu aliyatoa kwenye ujumbe wa faragha ambao watu waliuandika miaka nenda miaka rudi kwa kaka yangu, wakimwomba awaangalizie watoto. Wasiwasi wa mama wa watu ndio aliougeuza mtego.

Niliandika kwenye jukwaa kwa akaunti yangu mwenyewe kwamba ile habari ni uongo, kwamba akaunti imeuzwa, wasitume chochote. Akaunti ya kaka yangu ikanijibu kabla sijaweka simu chini. "Wandugu, amani kwenu. Dada yangu ana uchungu wa urithi. Tumsamehe." Na watu wakamsikiliza yeye. Wakaniambia mama, mzee wa ukoo wenu alisema, tulimsikia kwa masikio yetu, mambo ya kugombea vitu vya marehemu yamalizeni nyumbani. Kaka yangu mwenyewe, kwa picha yake na kofia yake, alikuwa ananiombea msamaha kwa kosa la kusema kweli. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia picha ile, na ilikuwa picha niliyompiga mimi.

Ikabaki Wamaza. Mtu mmoja mwenye simu alikuwa amepanda mahali panapopata rezo, akateremka na habari, na mkwe mwenzangu alikuwa ameanza matanga. Mwanawe alimpigia jirani aliyepanda palepale penye rezo, mama yake aitwe wazungumze. Mama alikataa kwenda kuishika. Walinitumia neno kwamba amenyoa nywele, yuko chini kwenye mkeka, hali wala hasikii la mtu. Nilimwacha binti yangu kwa jirani, nikapanda pikipiki. Njia ile siisimulii, mwenye kuijua anaijua. Nilifika nimekuwa na rangi moja na barabara.

Nilimkuta kama walivyosema, kichwa kitupu, midomo imekauka. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa na kuliwa. Nilikaa naye kwenye mkeka, nikamwambia mwanao yu hai, nimesikia sauti yake kwa sikio langu. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Mukwe," akasema, "sauti ya telefone inaweza kuwa ya mutu yote. Kaka yako alikataa kumuzika mutoto wangu wakati dunia yote ilisema amekufa. Sasa yeye mwenyewe anasema ameshika udongo. Mimi nitamubishia namna gani?"

"Kaka alikufa, mukwe. Ulikuwa pale."

"Nilikuwa. Na mulimuweka mutu kwa fasi yake. Tulisikia sauti ya baba yenu. Si ni yeye yuleyule?"

Alikuwa anaamini kama tulivyomfundisha kuamini. Kila alichokisema kilikuwa sawa, isipokuwa kwamba kilikuwa uongo, na uongo huo ulitoka nyumbani kwetu.

Mwanawe alifika siku iliyofuata, nyuma ya pikipiki, na mguu wake uliopona vibaya. Watu walikimbia, wengine kumwendea, wengine kumkwepa. Mama yake hakukimbia. Alinyoosha mkono akamshika kisigino, akapandisha kiganja mpaka pale mfupa ulipoungia, akapapasa, akapapasa tena. Ndipo akalia, kilio kirefu kibaya, kama vile msiba ndio kwanza ulikuwa umefika. Mkwe wangu, ambaye kwa adabu hanitazami usoni, siku ile alinitazama. Kisha akainamisha kichwa.

Alipotulia, mama yule alinigeukia.

"Basi nani aliniongopea?"

Nikamweleza. Nilieleza konti ni nini, na neno la siri, na jinsi mtu anavyoweza kununua jina la mwingine na kusema kwa kinywa chake. Nilieleza mpaka nikajisikia mwenyewe kwamba naongea upuuzi. Alikunja uso akijaribu kunifuata.

"Nguo inauzwa," akasema mwishowe. "Shamba linauzwa. Jina mulimuuzia nani?"

Alisema mulimuuzia. Hakusema baba mdogo, alisema ninyi. Na kwa desturi ana haki, ukoo ni mtu mmoja.

Nilirudi Kasongo. Vijana wale walipoanza kupiga simu nyumbani, watu wa jukwaani walijua wamedanganywa, lakini hawakumtukana muuza simu, kwani nani anamjua? Walimtukana kaka yangu. Wale waliokuwa wakimwita baba waliandika kwamba labda hata zile kazi zake za zamani zilikuwa za kutega tu, alikuwa akijenga jina ili alile baadaye. Nilisoma hayo yote. Wengi niliwajua, nakumbuka kaka alivyowatafuta mama zao kwenye mvua. Baba mdogo nilipomwendea alisema yeye hakuandika neno lolote, yeye hata kuandika hajui vizuri, na kwamba alichofanya alikifanya kwa nia njema ya kulinda jina. Simu ya kaka ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Muuza simu alikuwa amebadili namba, na akaunti ameiuza kwa mwingine. Sasa inauza mafuta ya kung'arisha ngozi. Picha ni ileile, na kofia ya Idi. Inaanza "Wandugu, amani kwenu."

Binti yangu alijifungua mtoto wa kiume. Nilimshika nikamwona ana paji la uso la kaka yangu, au nilitaka kuliona. Wakwe walikuja kwa siku ya saba na mbuzi wao na unga wao, kwa heshima zote, hawakupunguza chochote. Nywele za mkwe mwenzangu zilikuwa zimeanza kuota, fupi, nyeupe. Alikaa karibu yangu tukamenya vitunguu pamoja, akaniuliza hali ya mgongo wangu. Nilikuwa nimejipa moyo.

Shehe alipomshika mtoto na kuuliza jina, wanaume walimwangalia mama yule, naye akalitaja. Lilikuwa jina la babu yao wa zamani, mtu mwema, hakuna ubaya wowote juu yake. Shehe akalitia sikioni mwa mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, kwa sababu bibi asiyepiga vigelegele anamletea mjukuu mkosi. Binti yangu aliniangalia kutoka kitandani, macho yamejaa, lakini jina si lake kulitoa.

Baadaye mkwe mwenzangu alinifuata jikoni. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo, ningejua la kufanya. Alinishika mkono.

"Mukwe, usinichukie. Kaka yako alinipa mutoto wangu. Lakini ile jina, nikiisikia, naona nimekaa kwenye mukeka na kichwa tupu. Sitaweza kuiita kila siku."

Nikamwambia naelewa. Nilielewa kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliosha masufuria, nikawasindikiza mpaka kwenye pikipiki, nikarudi kumwogesha mtoto. Nilimwita kwa jina lake alilopewa, akatulia.

Jina la kaka yangu sasa linaonekana mahali pamoja tu. Nikitaka kuliona inabidi nifungue simu, nipite kwenye chupa za mafuta ya ngozi, na pale juu lipo, limeandikwa vizuri, halina kosa.